Ukuta Usioliwa na Mchwa

Ukimuuliza mtu wa upande wetu, hata leo, ni nani aliyejua kusiriba nyumba miaka ile ya sitini, hatakuzungusha. Atakuambia ni Bosibori, mjane wa Ratemo, yule wa chini ya kilima cha Kebuse. Kusiriba kwenyewe si ajabu, kila mwanamke huku anasiriba. Unakanyaga udongo na mavi ya ng'ombe mpaka vishikane, unapaka kwa kiganja, unangoja jua. Lakini kuta zetu sisi wengine zilikuwa na rangi ya matope kwa sababu zilikuwa matope. Za Bosibori zilikuwa za manjano, manjano iliyoiva kama kiini cha yai, na chini kabisa alipitisha mkanda mweusi wa masizi. Wapita njia walisimama kuzitazama, halafu wakajifanya wanafunga viatu, hata wale wasiokuwa na viatu.

Kijana akitaka kuoa, mama yake alimwendea Bosibori kabla hajamwendea mchungaji. Alilipwa jogoo, au debe la mahindi, au ahadi. Ahadi ndizo zilizokuwa nyingi, na hakuwahi kumkumbusha mtu. Alipenda kazi ile. Alipenda kusimama mbali kidogo mikono ikiwa imejaa udongo mpaka kwenye viwiko na kuona nyumba imependeza.

Rangi aliitoa mgodini. Wazungu walikuja Kebuse kabla ya vita vya pili wakitafuta dhahabu. Kama waliipata nyingi au kidogo, hatukuambiwa, maana hatukuwa watu wa kuambiwa. Walipoona kilima hakiwapi tena kitu, walifungua mashine zao, wakazipakia kwenye malori, wakaondoka. Shimo waliliacha wazi. Kando ya shimo waliacha lundo la mawe yaliyosagwa, laini kama unga, kubwa kuliko kanisa letu. Hakuna aliyekuja kusema lundo lile ni la nani wala litaondolewa lini. Mvua ikinyesha, lundo lilitoa maji mekundu yaliyoshuka hadi kwenye kijito, na mawe ya kijito yakashika kutu kama masufuria ya zamani.

Ratemo alikuwa akisukuma toroli za mawe pale mgodini tangu ujana wake. Siku mgodi ulipofungwa alirudi nyumbani na kikohozi chake, na mfuko wa koti umejaa ule unga.

"Tazama rangi," alimwambia mkewe. "Hiki ndicho walichotuachia."

Bosibori aliuchanganya na maji kidogo kiganjani, akapaka kando ya mlango, akangoja. Ulipokauka alicheka kwa sauti mpaka Ratemo naye akacheka na kukohoa. Tangu siku hiyo hakusiriba tena kwa udongo mwingine.

Na ule udongo ulikuwa na sifa nyingine. Mchwa hawakuugusa. Huku kwetu unajenga nyumba leo, na baada ya miaka michache nguzo zimekuwa maganda matupu, lakini nyumba iliyosiribwa na Bosibori ilikaa. Viroboto nao walihama. Watu walimsifu kwa hilo kuliko hata rangi. Kuku aliyezoea kudonoa ukuta alikufa, lakini kuku hufa, na hakuna anayekalisha watu kikao kwa sababu ya kuku. Basi sote tuliona kwamba ukuta ule unaua wadudu, tukapiga makofi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza unaishia hapo kweli au la. Hilo huniudhi mpaka sasa.

Mtoto wa kwanza wa Bosibori, Machogu, alikuwa amezaliwa zamani, wakati mgodi bado una walinzi na nyumba ya mama yake bado ina rangi ya matope. Waliomfuata walikuwa watatu, na wote watatu wamelala nyuma ya migomba. Mmoja hakulia hata mara moja. Wa pili alilia siku chache akanyamaza. Bosibori aliwaomboleza hao wawili kama mama yeyote. Kwa wa tatu alikwenda kupalilia wimbi siku iliyofuata, na wanawake wakanong'ona kwamba moyo wake umekauka. Haukuwa umekauka. Ulikuwa umechoka tu, na aliyechoka si lazima alie ili watu waridhike. Muda si mrefu kikohozi nacho kikamchukua Ratemo, na boma likabaki la watu wawili.

Sasa kuna jambo ambalo wanaume hawalijui vizuri, na wanaolijua hujifanya hawalijui. Mwanamke mwenye mimba hutamani udongo. Hautamani wowote tu, anautamani wa ukuta, hasa mvua ya kwanza ikipiga na nyumba nzima ikanukia. Kwingine jambo hilo hufanywa kwa kuiba, kwa kucha, nyuma ya mlango. Katika boma lile halikufichwa. Mama mkwe alimwandalia mke wa mwanawe pahali pake ndani ya nyumba, kando ya meko: kipande cha ukuta kilichosiribwa kwa udongo uliochekechwa vizuri, bila mavi ya ng'ombe, kikiwa kinene, kimenyunyiziwa chumvi. Bosibori aliandaliwa hivyo alipokuwa na mimba ya Machogu, kwa udongo wa kichuguu. Za wale watatu alijiandalia mwenyewe, kwa udongo wa manjano. Na Machogu alipooa, alimwandalia mkwewe wa manjano pia, kwa kuwa hakuwa na mwingine mzuri kuliko huo.

Mkwe mwenyewe alikuwa Persis, binti wa Jemimah wa Nyaramba, msichana mrefu aliyekuwa akiongoza kwaya kwao. Aliletwa mwaka wa sitini na tisa. Machogu alifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii na alirudi nyumbani Ijumaa tu, kabla jua halijatua na Sabato kuanza, kwa hiyo wanawake wale wawili walibaki peke yao wiki nzima. Walichuma chai pamoja, wakapeleka pamoja hadi pale inapopimwa, wakarudi wakibishana kuhusu nyimbo. Persis alimwita mama, na hakulazimishwa. Watu waliokuwa wakisema moyo wa Bosibori umekauka waliona aibu kidogo, ingawa si sana.

Mwaka mmoja kabla ya Persis kuja, ng'ombe wa mzee wa kanisa, Andrew, walikuwa wamekunywa maji ya kile kijito chekundu wakafa wote pamoja. Akaja bwana wa afya kutoka mjini, kijana aliyeitwa Obwocha, suruali imepigwa pasi. Aliitisha baraza akatuhutubia kwa Kiswahili, ingawa alikuwa Mgusii kama sisi, kwa sababu serikali haina adabu ya kusema Ekegusii.

"Hii maji ya Kebuse ni mbaya," alisema. "Watu wasikunywe. Ng'ombe wasikunywe. Nimemaliza."

Wakachomeka kibao chenye fuvu la mtu. Nasi tukatii. Hakuna watu wanaotii kama sisi jambo likisemwa kwa Kiswahili cha baraza. Tulitii maji na maji peke yake. Bosibori ndiye aliyetii kuliko wote. Mtoto akienda karibu na kile kijito alimfukuza kwa fimbo. Udongo wa kusiribia aliendelea kuuchota palepale kwenye lundo, juu ya kibao, na akaukanda kwa maji matamu ya chemchemi ya upande wa pili, ili asikosee. Serikali ilisema maji, haikutaja udongo.

Mimba ya kwanza ya Persis iliishia kwenye mtoto asiyepumua. Ya pili ilileta mvulana aliyekaa mpaka wakampa jina, kisha akaondoka. Kila mara Bosibori alikwenda Kebuse na kikapu, akachota udongo mpya, akachekecha, akasiriba upya kile kipande cha kando ya meko, akakifanya kinene zaidi. Alifikiri labda cha kwanza kilikuwa chembamba.

Wakati huo mikono yake ilikuwa imeanza kufa ganzi. Ilianza kwenye ncha za vidole, ikapanda. Ngozi ya viganja ikawa ngumu, yenye vijidonge kama punje za mtama. Aliweza kuipua sufuria motoni kwa mikono mitupu, na watoto wa jirani walikuja kumtazama akifanya hivyo, wakashangilia. Naye alifikiri ni uzee. Nyayo zake nazo zilimpa taabu, hasa kwenye mteremko, kwani hakujua amekanyaga nini mpaka atazame.

Mwaka wa sabini na nne Persis akashika mimba ya tatu. Hapo ndipo Angwenyi, ndugu wa marehemu Ratemo, alipokuja kukaa kwenye kigoda na kusema lililokuwa likimsumbua.

"Mke wa ndugu yangu, mimi si mtu wa maneno mengi," alianza, na akaendelea kwa muda mrefu. Mwisho wake ni kwamba Machogu ni mtoto wa pekee wa Ratemo, jina haliwezi kuachwa lipotee, na kama mtoto huyu naye hatakaa, msichana atarudishwa Nyaramba, ng'ombe za mahari zirudi, na Machogu atatafutiwa mwingine.

"Na kanisa?" Bosibori aliuliza.

"Kanisa litatusamehe. Huwa linasamehe."

Persis alikuwa nyuma ya nyumba akianika wimbi, na alisikia kila neno. Jioni hiyo hakubishana kuhusu wimbo wowote. Bosibori alimtazama akila ugali bila hamu, akajiambia kwamba safari hii hatakosea. Kesho yake alikwenda Kebuse akachota udongo kutoka ndani kabisa ya lundo, ambako rangi ilikuwa kali zaidi.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, Obwocha alitokea tena. Alikuwa amenenepa, na suruali haikuwa na pasi. Serikali ilimtuma yeye na vibarua wachote udongo wa lile lundo, na kabla ya kuondoka aliomba maji ya kunywa kwa Bosibori. Akasimama mlangoni akiutazama ukuta, akiwa na bilauri mkononi.

"Mama, rangi hii umeinunua wapi?"

"Sikuinunua. Ni ya Kebuse."

Hakunywa yale maji. Aliomba kisu, akakwangua ukuta kidogo, akatia kwenye chupa, akaondoka bila kuaga vizuri. Bosibori alimwona kama mtu asiye na adabu, basi.

Alirudi Alhamisi moja baada ya mvua za kupanda kwisha. Safari hii hakuitisha baraza kwanza. Alimkuta Bosibori akichambua maharagwe mlangoni, akaketi chini kama mtoto wa nyumba, na akasema naye kwa Ekegusii.

"Mama, unalikumbuka josho la zamani, lile la kuogeshea ng'ombe?"

"Nalikumbuka. Ndama wangu alikunywa mle akafa."

"Sumu iliyokuwa kwenye josho ndiyo iliyo kwenye udongo wa Kebuse. Wazungu walipolisaga jiwe, waliifungulia. Maji yanaichukua kidogo tu yakipita. Sumu yenyewe iko kwenye lundo." Akautazama ukuta, kisha akaangalia pembeni. "Na hapa."

Bosibori aliendelea kuchambua. "Mtu akiula je?"

"Nani anakula udongo, mama?"

Bosibori aligeuka kutazama nyumba ya Persis. Obwocha aliendelea polepole, kwa kuwa alikuwa ameanza kuelewa. "Haimwangushi mtu kama ng'ombe. Inaingia kidogo kidogo. Inaanzia mikononi na miguuni, ganzi, ngozi inakuwa ngumu. Mwenye mimba, mtoto ndiye anayetangulia."

Bosibori aliingiza mikono yake chini ya leso. Akamwambia asante. Akainuka, akamkatia kichane cha ndizi mbivu cha kula njiani, akamsindikiza hadi kwenye ua kama mgeni yeyote.

Kisha alirudi akamaliza maharagwe. Akayatia sufuriani, akakoka moto. Alikuwa akingoja uchungu uje. Aliwafikiria mmoja mmoja, wale watatu wake na wale wawili wa Persis, na chumvi aliyoinyunyiza kwa mkono wake, na vile alivyozidisha unene. Uchungu haukuja. Ilikuwa kama anasimuliwa habari za boma la watu wengine, huko ng'ambo ya mto, watu anaowafahamu kwa majina tu. Maharagwe yakaiva, akaipua, akapakua. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba alipakua.

Persis hakula pamoja naye jioni ile, alikuwa amelala mapema. Siku ya pili, Ijumaa mchana, Bosibori aliingia nyumbani mwa mkwewe akamkuta amepiga magoti kando ya meko, ukucha ukiwa ukutani na kipande cha manjano mdomoni. Alimpiga. Alimpiga kofi la mdomoni, kile kipande kikaruka, kikavunjika sakafuni. Hakuwahi kumpiga, wala hakuwahi hata kumwinulia sauti.

"Tema!"

Persis alitema. Alibaki amefungua mdomo, mikono juu ya tumbo.

"Fungasha nguo zako," Bosibori alisema. "Rudi kwenu Nyaramba."

"Nimekosa nini, mama?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alijua hivyo, na maneno alikuwa nayo, machache tu. Lakini kinywa kilikataa. Ilimbidi aseme kwanza kuhusu huyu aliye tumboni, ndipo afike kwa wale wawili, na kwa wale wawili hakuweza kufika. Akasema tena, "Fungasha."

Tena hakumruhusu kulala nyumbani mwake, wala jikoni, kwa kuwa boma zima lilikuwa la manjano. Alimpeleka kwa mke wa Angwenyi, mwanamke mvivu ambaye kuta zake hazikusiribwa tangu Uhuru, zimejaa nyufa na mchwa. Nyumba chafu kuliko zote kijijini ndiyo iliyokuwa salama. Angwenyi aliwapokea akidhani shauri lake limekubaliwa kabla ya wakati, akafurahi vibaya sana.

Machogu alifika jua likikaribia kuzama. Alimkuta mkewe kwa baba yake mdogo, akaja mbio kwa mama yake.

"Mama, unamfukuza Persis? Mimba ya miezi minane?"

"Ndiyo. Jumapili utampeleka."

"Kwa kosa gani?"

"Mpeleke, Machogu. Na wewe usilale humu."

Alimtazama mama yake kama mtu asiyemjua. Sabato ile hakuna aliyeimba katika boma lile, na Jumapili asubuhi Persis aliondoka na sanduku lake, analia wazi, bila kujificha. Bosibori alisimama uani akiwatazama mpaka walipopinda. Hakulia, na watu waliona kwamba hakulia.

Walipokwisha kupinda alichukua jembe, akaanza kubomoa.

Huku kwetu, nyumba ya mke aliyerudishwa kwao ikibomolewa, maana yake ni moja, kwamba hatarudi. Kwa hiyo watu walikusanyika kwenye ua, wengine kwa huzuni, wengine kwa kupenda kuona. Bosibori alifunga leso puani kama Obwocha alivyowafundisha watu wake wa kuchota, akamwagia ukuta maji ya chemchemi usitoe vumbi, akapiga. Alianza na kile kipande cha kando ya meko. Jembe lilimponyoka mara nyingi, likamkata vidole, na aliona damu kwenye mpini kabla ya kujua ni yake. Udongo aliutia kwenye kikapu kilekile, akaupandisha Kebuse, akaumwaga ndani ya shimo la Wazungu. Akarudi, akachukua mwingine. Alifanya kazi hiyo kwa siku nyingi, nyumba ya Persis kwanza, kisha jiko, kisha yake mwenyewe.

Mzee Andrew alikuja kumwonya kwa niaba ya kanisa. "Dada Bosibori, nyumba ya ndoa haivunjwi hivi. Hata kama umekasirika."

"Mzee, nyumba yako alisiriba nani?"

"Si wewe? Umesahau?"

"Basi nenda ukaibomoe."

Mzee alirudi akawaambia watu kwamba amechanganyikiwa, tumwombee. Tulimwombea. Halafu Obwocha akaitisha baraza lake, akatuambia kwa Kiswahili kuhusu udongo, na hapo ndipo tulipotazamana.

Wapo waliobomoa siku hiyohiyo. Wapo waliosema watabomoa baada ya mavuno, na wapo ambao hawakubomoa kabisa, kwa kuwa ukuta ulikuwa mzuri na mchwa ni taabu. Na wengi walikuwa na makaburi madogo nyuma ya migomba yao. Kila mmoja alizika kwake na hakuna aliyewahi kuyahesabu pamoja. Wakaacha kumsalimu Bosibori. Akipita, mazungumzo yalikatika. Na mimi nasema hivi, nikikosea mnisamehe: wale walioleta mashine, wakasaga jiwe, wakaliacha pale bila hata kibao, hakuna aliyewalaani siku ile. Hatukujua mlango wao uko wapi. Mlango wa Bosibori tuliujua sote.

Yeye mwenyewe hakulalamika. Aliishi katika fito na nguzo zilizo wazi, kisha akasiriba upya kwa udongo wa kichuguu, rangi ya matope, bila mkanda. Machogu alikuwa amesikia habari za baraza mjini, lakini alikuja mara moja tu, akamletea sukari na chumvi, akakaa kidogo, akaondoka bila kuuliza. Persis alikuwa bado hajui kwa nini alipigwa. Bosibori alimkataza mwanawe asimwambie.

"Hilo ni langu," alisema.

Habari ilikuja na dereva wa lori la majani chai. Mtoto amezaliwa Nyaramba, msichana, analia mpaka majirani wanalalamika. Bosibori aliketi chini palepale barabarani. Kisha alimwacha mtoto akae kwanza, kwa kuwa alijua wanaovuka siku za mwanzo si wote wanaobaki. Alipopata habari ya pili kwamba bado analia, alifunga unga wa wimbi kwenye kitambaa, akamkamata kuku, akaomba nafasi kwenye lori lilelile. Sehemu ya mwisho alitembea. Mwiba ulimwingia unyayoni asijue, akafika uani kwa Jemimah akiacha alama za damu.

Jemimah alikuwa mlangoni. Hakumkaribisha ndani, alitazama kuku, akatazama unyayo.

"Mmekuja kudai ng'ombe zenu?"

"La. Nimekuja kusema na Persis. Nikimaliza, ukitaka nifukuze."

Persis alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto yuko kwenye titi. Alikuwa amekonda, lakini uso ulikuwa ule ule. Hakuinuka, na hakusema mama. Bosibori aliketi chini mbali naye, karibu na mlango, akatoa mikono yake kwenye leso akaiweka magotini ambapo inaweza kuonekana, pamoja na vidonda vya jembe. Akasema. Alianzia kwenye mfuko wa koti la Ratemo, akaja mpaka kwenye kile kipande cha kando ya meko, hakuruka kitu. Sauti yake haikupanda wala haikushuka, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa.

Alipomaliza, Persis alikuwa akiitazama ile mikono. Mtoto tu ndiye aliyesikika akimeza.

"Mvulana wangu," Persis alisema. "Na yule wa kwanza."

"Na hao. Kwa mkono wangu huu."

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilikuwa nakuandalia kizuri."

Jemimah alishika mdomo wake akatoka nje. Persis alilia bila sauti, muda mrefu, machozi yakimwangukia mtoto kichwani, na Bosibori hakuthubutu kumsogelea. Alikaa tu akingoja kufukuzwa. Mtoto alishiba, akaachia titi, akaanza kurusha miguu. Persis alijifuta uso kwa kanga, akamtazama yule mwanamke aliyeketi karibu na mlango, mikono imelala magotini kama vitu vilivyosahauliwa na mtu. Akainuka, akaenda mpaka alipokuwa, akamnyooshea mtoto.

"Mshike."

"Siwezi. Mikono hii haisikii kitu, nitamwangusha."

"Basi mtazame," Persis alisema. "Ukimtazama hutamwangusha, mama."

Akamweka mapajani pake. Bosibori aliizungusha mikono yake kumzunguka mtoto, na kweli haikumletea habari yoyote, wala joto, wala uzito, wala lile jasho dogo la mgongo alilolikumbuka kwa Machogu. Akainamisha kichwa akatazama vidole vyake vikiwa vimemshika, na kwa macho tu akajua kwamba amemshika. Ndipo uchungu aliokuwa akiungoja tangu siku ile ya maharagwe ulipokuja, wote kwa pamoja, na akalia hali ametazama, kwa kuwa aliogopa kufumba macho.